Kigae Hakinywi

Tulivikuta ukutani, vigae vya jikoni,
sitini na viwili, rangi ya chai iliyopoa,
kila kimoja na ua lake la kahawia
ambalo sijaliona likiota Dodoma wala kwingineko.
Aliyejenga aliyapenda maua hayo, labda.
Labda yalikuwa ya bei rahisi.
Miaka tisa nimeyatazama nikisonga ugali.

Dukani Majengo nikauliza bei ya boksi,
muuzaji akaitaja, kisha akanipa kiti.
Nikarudi na makopo mawili ya rangi ya mafuta,
msasa, na brashi ya inchi moja.
Nyemo, mwanangu, akaniangalia:
"Mama, kwani kigae kinapakwa rangi?"

Kinapakwa. Lakini kwanza kioshwe.
Maji yetu huku Nkuhungu ni ya chumvi,
yalikuwa yameandika barua nyeupe ukutani,
mstari juu ya mstari, na hakuna aliyeijibu.
Nikakamua ndimu, nikamimina siki,
nikasugua hadi vidole vikawaka moto.

Mama mkwe akasogeza kigoda.
Sechelela, aliyechora vibuyu kule Mvumi
kwa ncha ya waya uliotoka motoni;
sasa macho yake yanaona mwanga tu, mistari hapana.
Akapitisha kiganja ukutani.
"Kibuyu kinakunywa," akasema.
"Ukikichoma kinameza mchoro, unakaa ndani.
Hiki hakinywi. Kina kiburi cha sahani."

Nikamwambia ndiyo kazi ya msasa.
Akanyoosha mkono, nikamkatia kipande.
Tukakwaruza, yeye chini, mimi juu,
kama kuku wawili kwenye paa la bati,
vumbi jeupe likatukalia kwenye nyusi.
Kila alipomaliza kimoja alikigonga kwa kucha.
"Hiki kizima. Hiki kizima.
Hiki fundi alikipunja saruji."
Kweli. Cha tano kutoka dirishani kinalia kama kopo tupu.

Nilianza na zabibu, kwa kuwa ndiko tuliko.
Zikatoka kama mavi ya mbuzi.
Nyemo alicheka mpaka akakaa sakafuni.
Nikafuta kwa mafuta ya taa, nikamgeukia bibi yake:
vibuyuni ulikuwa unachora nini?

Hakujibu kwa mdomo. Alishika kidole changu,
akakiburuza juu ya mgongo wa mkono wake:
pembetatu, pembetatu, kisha njia ya siafu,
kisha pembetatu iliyosimama kichwa chini.
"Usipime," akasema. "Ukipima, mkono unaogopa."

Siku nne milango imefungwa,
tunapika uani, tunalala na harufu ya rangi.
Lakini Septemba ya hapa haina adabu:
saa nane mchana upepo ukasukuma dirisha,
ukaingia na wekundu wote wa barabarani,
ukaketi juu ya bluu mbichi.
Niliapa kuutoa ule wekundu.
Nikausogelea kwa kitambaa,
nikausogelea tena,
nikauacha.

Mwezi wa pili, chini kabisa ya bomba,
rangi ikainuka gamba moja,
na ua la kahawia likachungulia
kama mpangaji ambaye hakuambiwa ahame.
Nilitukana kidogo. Nyemo hakuwepo.

Mama mkwe hakuona;
alisikia ukucha wangu ukichokonoa.
"Kimekataa?"
"Kimekataa, mama."
"Kikwaruze tena. Safari hii usikionee huruma."

Kwa hiyo kopo la bluu halijatoka chini ya sinki,
mfuniko wake umepinda, haufungi vizuri,
na brashi inalala kwenye chupa ya jamu.
Cha tano kutoka dirishani bado kinalia.
Asubuhi, akienda kuota jua, anakipapasa, anakigonga mara mbili,
anasubiri kidogo,
kama mtu aliyebisha hodi
na anajua wenyewe wamo.